Mtu wa Tochi na Posa ya Zuhura

Juzi mjukuu wangu Ahmed alinichukua senema, ile iliyo ghorofa ya juu kwenye duka kubwa lenye ngazi za umeme. Tulichelewa, kwa sababu Ahmed hajui kuvaa haraka, tukaingia taa zishazimwa. Kijana mmoja wa Kikenya aliyekuwa akikalisha watu akanijia na simu yake, akanimulika usoni. Usoni, wallahi.

"Karibu mzee, kiti yako ni ile ya pili hapo mbele," akasema, kwa adabu zake.

Nlisimama pale pale njiani nikamwambia mwanangu, mtu hamulikwi uso, humulikwa miguu. Yeye akadhani nnaogopa vidato vya ngazi, akanishika mkono kama nimepofuka. Ahmed alitamani ardhi immeze. Basi picha ilipokwisha nikamtafuta yule kijana, nikamwonesha: kidole gumba juu ya kioo cha tochi, mwanga utoke kidogo ubavuni, uelekee chini, na wewe utembee nyuma nyuma mbele ya mtu, unahesabu migongo ya viti kwa mkono. Akaniuliza nimejifunzia wapi mambo hayo. Nikamwambia senema ya Ruwi, kabla mamake hajazaliwa.

Nyinyi wa kundi la familia mliponiomba niandike khabari za senema za zamani za hapa Maskati, mlichokitaka nnakijua. Mmesikia kuwa kulikuwa na picha za "wakubwa tu", na kuwa babu yenu alikuwa mlangoni, mkaona hapo pana kicheko. Kipo. Lakini ndani yake imo posa ya Zuhura, dada yangu, huyo mnayemwita Shangazi Zuhura, na namna ilivyovunjika mikononi mwangu. Hilo ndilo khasa nnaloliandikia. Mengine nnayatia kwa kuwa msipoijua kazi yangu hamtonielewa.

Tulikuja kutoka Unguja mimi, mama na Zuhura, mimi nna miaka kumi na minane na yeye kumi na sita. Baba alikuwa keshakufa. Aliyetupokea ni ami yangu Seif, ndugu wa baba, aliyetutangulia hapa na kufungua duka la nguo Matrah. Nyumba yake ndiyo tuliyokaa, sahani yake ndiyo tuliyolia. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha Kurani, cha kusomea si cha kuzungumzia, na kazi za maofisini wakinisikia nikifungua mdomo tu wananiambia nirudi wiki ijayo. Senema hawakujali. Pale Kihindi, Kiarabu, Kiswahili na Kibaluchi vilikuwa vikipikwa chungu kimoja.

Mkubwa wetu wa ukumbini alikuwa mtu wa Kerala, Uhindini, tukimwita Master. Jina lake la kwao refu, sikuwahi kulimaliza. Alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na harufu ya mafuta ya nazi inamtangulia. Wiki ya kwanza nlimmulika uso mzee mmoja aliyekuwa akitafuta kiti, kumbe ni mwalimu wa Kurani wa jirani zetu. Yule mzee alijifunika kwa kilemba chake akageuka akatoka, na hakurudi tena, wala hakuniitikia salamu mwaka mzima. Master alininyang'anya tochi, akanifanya nikae siku tatu nikifagia maganda ya njugu. Siku ya nne akanirudishia akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika kwamba humu ndani mimi sina macho. Nna tochi tu.

Sasa hizo picha zenyewe. Msijione mna babu aliyeishi maisha ya hatari. Picha ikifika hapa ilikuwa ishapita kwa wakaguzi, na wakaguzi walikuwa na mkasi. Kikianza kitu, paf, mwanamke aliyekuwa mlangoni mwa chumba yumo ndani ya gari, kavaa nguo nyingine, analia. Ukumbi mzima unaguna. Picha ya saa mbili na nusu ilitufikia imebaki saa moja na robo tatu, na mara nyingine hata hadithi huifuati, maana aliyeuliwa ameuliwa ndani ya kile kipande kilichokatwa. Ukubwa wote ulibaki kwenye bango la nje, na bango nalo Master alikuwa na kopo la rangi na brashi, akimvisha mwanamke wa bangoni mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Siku moja alinipa mimi nifanye. Rangi nyekundu ikanishia begani, nikamalizia kwa kijani, na watu walisimama kulitazama bango lile kuliko yote tuliyowahi kubandika.

Pale mlangoni pia nlikuwa na kazi ya kuzuia wadogo. Hapakuwa na kuonesha karatasi, ni jicho. Siku moja nlimzuia mtu mfupi, hana hata ndevu, nikamwambia rudi nyumbani ukasome. Hakubisha. Akaenda zake, akarudi kamshika mkono mtoto wa kiume wa miaka kama tisa. Akaniuliza, "Huyu nimemzaa mimi au umemzaa wewe?" Nikamruhusu yeye, halafu ikawa kazi sasa huyo mtoto tumweke wapi. Master alikaa naye chumba cha mtambo akimpa soda mpaka babake alipotoka.

Picha za wakubwa zilikuwa mchana, saa saba u nusu. Hilo nyinyi mtaliona geni. Lakini mji huu wakati ule, na joto lake, baada ya Adhuhuri maduka yote yanafungwa na watu wanalala mpaka Alasiri. Mwanamke yuko kwake anaamini mume kalala dukani juu ya majora ya vitambaa, na mume yuko kwetu kwenye baridi ya kiyoyozi. Mtu mwenye heshima zake alisubiri picha ianze, ndipo akaingia kwa mlango wa ubavuni wenye pazia jeusi, kajitanda shali kichwani mpaka puani kama mwenye homa. Hasemi neno, maana sauti hujulikana. Mimi nnainamisha tochi, namwona miguu, nnampeleka.

Na hapo ndipo ulipokuwa ufundi, wanangu. Waswahili wa Maskati tulikuwa wachache, kila mtu na mwenziwe wana lao: huyu kamwoa binti wa yule, yule ni mwalimu wa huyu, wale wawili ni baba na mwana. Mtu na mkwewe hawawezi kukaa safu moja hata kwenye picha ya mbuzi na kondoo, seuze hiyo. Kazi yangu haikuwa kuwaonesha watu viti. Ilikuwa kuhakikisha hawaonani. Ubavu wa kulia wazee, wa kushoto vijana, katikati mafundi na makapera wa Kihindi ambao hawakuwa na mkwe karibu ya maili elfu. Nlijifunza kuwajua watu kwa viatu. Makubadhi ya ngozi ya Nizwa, ndara za mpira, viatu vya ofisi vilivyokanyagwa kisigino. Na dakika saba kabla ya mwisho nlipita ubavu wa kulia, nnamgusa bega mzee mmoja mmoja, watoke kabla taa hazijawaka. Wakivuka njia wanaukuta msikiti unaadhini Alasiri, wanaingia safu ya mbele. Wazee wa Matrah wameona picha nyingi na hakuna hata mmoja aliyejua iliishaje.

Ami Seif alikuwa mmoja wao. Ndiyo, huyo huyo. Alikuja mara nyingi, na mara zote nlimkalisha mimi, mtoto wa nduguye anayekula naye sahani moja, na hatukuwahi kuonana. Nlimjua kwa makubadhi yake yenye ukanda wa kijani alioushonesha mwenyewe. Nikiyaona tu, nnayapeleka kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, ambapo hapiti mtu. Jioni tunakula wali, ananiuliza kazi ikoje, namwambia alhamdulillahi. Msione ni unafiki. Sisi tuliona ni adabu, na mpaka leo sijui tofauti yake iko wapi.

Alipotimia miaka ishirini na mmoja Zuhura aliposwa na Saidi. Saidi alikuwa fundi wa umeme, wa zamu, kijana mrefu, mkweli mpaka anakera. Ukimuuliza chai imekolea sukari atakwambia haijakolea. Zuhura alishamwona mara mbili kwa mbali kwenye arusi za watu, na alimpenda, hilo nnalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu niliseme. Ami Seif alikubali, vikaletwa vitu vya uchumba, halwa ikaliwa. Zuhura akaanza kushona. Akiniona ananiuliza Saidi anapenda kula nini, kana kwamba mimi nimemwoa.

Ikaja Jumatatu moja ya kiangazi, jua hata mbwa hawatoki. Picha ishaanza. Pazia la ubavuni likafunguka, akaingia mzee kajitanda shali. Nikainamisha tochi nikaona ndara nyeusi za mpira, kuukuu, zimembana. Sikumjua. Nikasema moyoni huyu mgeni, labda wa kutoka Qantab au Bustan kaja mjini kwa shughuli zake, nikampeleka ubavu wa kulia, safu ya nne. Alisita kidogo. Nlimwona anageuza kichwa kutazama nyuma, kule mlangoni, lakini hakusema kitu, na mimi nikamsubiri akae. Akakaa.

Vijana wangu, mnajua nini kilikuwa kimetokea. Ami alisali Adhuhuri msikitini, alipotoka akakuta makubadhi yake yamekwenda na mtu, kama inavyotokea misikiti yote ya dunia, akavaa ndara zilizobaki ili asiungue miguu. Basi akaja kwangu na miguu ya mtu mwingine. Kusema "ni mimi" hawezi. Na mimi nliyefundishwa kuwa sina macho, sikutazama.

Dakika kumi baadaye akaja Saidi, kwa mlango wa mbele, kwenye mwanga. Aliponiona alirudi nyuma. Alikuwa hajui kuwa ile ndiyo zamu yangu. Hapo, kama nlikuwa na akili, ningemwacha aondoke. Lakini nlimpenda yule kijana, na nlitaka aone kuwa shemeji yake ni mtu wa kisasa, hana mambo ya kizamani. Nikamwambia pita, shemeji, picha yenyewe haina kitu. Nikachungulia kiti cha nyuma cha ami yangu, kitupu. Nikafarijika, leo hakuja. Kumweka Saidi na wale vijana wa kushoto wanaopiga miluzi sikutaka, nikampa kiti cha heshima ubavu wa kulia, safu ya nne, karibu na yule mzee mgeni asiyemjua mtu.

Yaliyotokea pale kitini Saidi ndiye aliyenieleza baadaye. Alinunua njugu. Alimkaribisha mzee wa pembeni, mzee akachukua. Picha ikaruka kwa mkasi, ukumbi ukaguna, Saidi akainama akamwambia yule mzee kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, kwamba hapa tumedhulumiwa. Mzee akacheka. Mlioiwahi cheko ya Ami Seif mnaijua, ilikuwa inaanzia puani na kumalizikia kwenye kikohozi. Saidi aliijua pia, alishaisikia siku ya posa. Na ami naye alishaijua sauti. Wakakaa. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu atakayeinuka kwanza ndiye aliyekiri. Saa nzima wanaume wawili wakatazama mbele, njugu mkononi.

Zilipobaki dakika saba nikapita kuwagusa wazee mabega. Nlipofika safu ya nne nikaona zile ndara ziko peke yake chini, mwenyewe kazivua kwa kubanwa, na miguu mitupu iko pembeni yake. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha. Jora la kitambaa liliuangukia ukucha ule mbele yangu, dukani, na mimi ndiye nliyeufunga. Kabla sijanyoosha mkono, ami akasimama, akanipita, akatoka kwa mlango wa pazia, pekupeku.

Nje lami ilikuwa inayeyuka. Nikaziokota zile ndara. Nlichotakiwa kukifanya nlikijua: niende mwenyewe, niziweke kizingitini bila ya kumtazama, nirudi. Sikuthubutu. Nlikuwa na khofu ya kuyakuta macho ya ami yangu, mimi ambaye ndo kazi yangu kutokuona. Nikampa Saidi. "Mpelekee," nikamwambia, "ataungua." Na Saidi kwa utiifu wake akatoka mbio.

Nliwaona kutoka mlangoni. Njia tupu, watu wamelala, ami yuko kwenye kivuli chembamba cha ukuta anaruka mguu huu na huu. Saidi akamfikia, akamnyooshea viatu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Ami Seif akavitazama. Akasema, "Si vyangu."

Na kweli havikuwa vyake. Lakini ami alikuwa anampa njia ya kutokea, wanangu. Mtu mwingine yeyote angesema samahani mzee, nimekufananisha, akarudi na viatu vyake, na Alkhamisi wakaonana kwenye kahawa kama hawajaonana. Saidi hakujua kusema uwongo hata wa kuokoa maisha.

"Ni vyako, ami," akamwambia. "Nlikuwa nimekaa ubavuni mwako."

Ami Seif alimtazama uso kwa uso, juani, kisha akaenda zake pekupeku mpaka msikitini. Miguu yake ilitoka malengelenge, mama aliipaka samli wiki nzima. Alisema viatu vimeibiwa msikitini, na hilo ni kweli.

Jioni ile ile vitu vya uchumba vikarudishwa. Mama aliuliza sababu, ami akajibu hakuridhika. Hakuridhika na nini, hakusema. Angesema vipi? Kusema kuwa alimwona Saidi kule ni kusema kuwa yeye mwenyewe alikuwako. Na Saidi alikuwa amefungwa mdomo na jambo lile lile. Waliojua walikuwa watatu, na mmoja peke yake ndiye angeweza kuzungumza asivunjikiwe na kitu kikubwa. Huyo alikuwa mimi.

Zuhura alikuja chumbani kwangu, nguo aliyokuwa akiishona iko bado begani, sindano inaning'inia. Hakulia. Akaniuliza, "Kaka Khalfan, wewe unajua kitu?"

Nikamwambia, "Sijui."

Neno moja tu, na limeishi kuliko wazee wote waliokuwa nyumbani mle. Nlijiambia nnalinda heshima ya ami aliyetulea. Nlijiambia ndiyo sharti ya kazi. Nlijiambia yatapita. Saidi alinijia mara tatu kuniomba nimwombee kwa ami, nikamwambia subiri, ghadhabu zitapoa. Akasubiri mpaka Ramadhani ikaingia na kutoka. Halafu akahamishwa Suhar, akaoa huko, na sikumlaumu.

Posa ikirudishwa bila ya sababu, watu huitafutia sababu wenyewe. Walianza kwa kunong'ona. Kwamba ana maradhi ya ndani. Kwamba alikuwa na mtu Unguja. Kwamba ami yake kagundua jambo akamsitiri. Mwanamke mmoja alimjia mama na dawa, kwa huruma zake, ya jambo ambalo hata halitajiki. Zilikuja posa mbili nyingine baada ya miaka, wakaulizauliza mitaani kama ilivyo desturi, wakakatika. Zuhura akaenda kusomea ualimu. Mama zenu wengi kawasomesha yeye kusoma na kuandika, na nyinyi mmekua mnamwona yuko peke yake kwake Khuwair ya Kusini na maua yake kwenye makopo, mkadhani ndivyo alivyotaka.

Senema yenyewe haikudumu. Zilipoingia kaseti za video kila mtu akawa na ukumbi wake nyumbani, na hao wazee wangu wa shali wakawa wanatazama wanachokitaka mlango umefungwa, bila ya mtu wa tochi. Tukabaki na makapera, halafu hata hao wakapungua. Jengo likawa ghala la samani, halafu likavunjwa. Leo ukipita utakuta magari yameegeshwa. Nnasikitika, nisiseme uwongo. Pale nlikuwa fundi, na ufundi wangu hauna pa kutumika tena.

Siku ya kumuaga Master, tumesimama na masanduku yake, nlimweleza yote. Nlitaka aniambie nlifanya sawa. Nikamwambia, si wewe uliyenifundisha kuwa mtu wa tochi hana macho wala mdomo? Akafunga mkanda wa sanduku. Akaniambia ile nimekufundisha kwa wateja, dada yako si mteja. Halafu akaniuliza kama Zuhura kaolewa. Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa, akapanda gari, na baada ya hapo tuliandikiana barua mbili tu.

Hata hapo sikusema. Ami Seif akafa, sikusema. Mama akafa, na mama mpaka siku yake ya mwisho alikuwa akimwombea Zuhura aondokewe na hilo alilonalo, sikusema. Kila nikichelewa, kuchelewa kwenyewe kukawa kosa jingine la kulikiri.

Mwaka jana tulikuwa kwenye arusi ya kwenu kule Bustan. Mmoja wenu, simtaji, hakuwa na ubaya, alimwambia Zuhura mbele ya meza nzima: shangazi, wewe ulikuwa mchaguzi sana, uliwakataa wangapi? Watu wakacheka. Zuhura naye akacheka, akasema nshasahau hesabu. Nlimtazama anavyocheka, nikaisukuma sahani yangu.

Nlimweleza ndani ya gari nikimrudisha. Nlisimamisha kando ya njia. Nlimweleza ndara, njugu, safu ya nne, yote. Alinisikiliza mikono iko mapajani kama anamsikiliza mwanafunzi. Nlipomaliza akaniuliza picha ilikuwa na nini. Nikamwambia haikuwa na kitu, ilishakatwa yote.

"Kwa hivyo hawakuona kitu," akasema.

"Hawakuona kitu."

Akasema, "Mimi miaka yote nlikuwa nikijitazama kwenye kioo, nnatafuta walichokiona."

Nikaanza kumtaka radhi. Akanizuia kwa mkono. Akasema mimi ushanambia, sasa nenda ukawaambie wale waliosema. Nikamwambia dada, wale wamekufa wote. Akanijibu kuwa wana wajukuu. Akafungua mlango, akaniambia yuko karibu na kwake, atatembea.

Basi wajukuu wenyewe ni nyinyi. Bibi zenu walipokuwa wakisema pale barazani, mlipokea bila ya kujua, na ndiyo maana mpaka leo mkimtaja Shangazi Zuhura mnapunguza sauti kidogo. Zuhura hakuwa na maradhi. Hakuwa na mtu Unguja. Hakumkataa yeyote. Aliposwa na mwanamme mwema, akampenda, akarudishwa kwa jambo ambalo hakuwamo wala hakulijua, na kaka yake aliyajua yote tangu mchana ule ule na akamwambia hajui.

Maandishi haya nlimpelekea yeye kwanza. Aliyasoma mlangoni, amesimama, hakunikaribisha ndani. Akanirudishia karatasi, akasema, "Wasomee wote, na jina langu uliache humo."

Nimeliacha.